Sabuni ya Joka

Mwalimu aliyetufundisha hesabu kidato cha tatu alitoka Japani. Alikuwa msichana bado, mwembamba, amekata nywele kama mvulana, na alikuja Babati kwa kujitolea katika miaka ambayo kila mwenye nafasi ya kuondoka alikuwa anaondoka. Madukani hakukuwa na kitu. Sukari, mafuta ya taa, viberiti na sabuni vilikuwa vitu vya kuulizana tu: umesikia vimeletwa wapi? Unga tuliokula ulikuwa wa njano, wa msaada, wenye harufu ya gunia. Na yeye alikula huo huo. Alipanga foleni kwenye duka la ushirika akiwa amekumbatia kikapu chake, na watu walipomwambia apite mbele kwa kuwa ni mgeni, alitikisa kichwa akabaki palepale.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. "Je, ninyi hamjambo?" alituuliza kila asubuhi, nasi tulijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu tulimpenda.

Ijumaa, baada ya kazi za shamba la shule, alianzisha kikundi cha mashairi. Sisi tulijua mashairi ya beti, yenye vina vya kati na vya mwisho, ya kukaririwa siku ya wageni. Ya kwao yalikuwa ya mistari mitatu tu: mizani tano, saba, kisha tano, basi. Vina hakuna. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipoonyeshwa alisema hilo si shairi, ni shairi lililokatika njiani. Lakini sisi tulikwenda. Wengine walikwenda kwa sababu ya shairi na wengine kwa sababu chumba kile kilikuwa na kivuli.

Alituambia kuwa shairi la namna ile lazima liwe na neno la majira, neno ambalo msomaji akiliona tu anajua ni wakati gani wa mwaka. Basi tulibishana jioni nzima maneno ya majira ya Babati ni yapi. Mmoja alisema vumbi. Mwingine akasema vumbi lipo mwaka mzima, afadhali kumvi za maharage. Mimi nilisema sweta, kwa sababu ya baridi ya Julai, nikajuta mara moja. Sweta langu lilikuwa limefumuka mikono yote miwili na kila mtu aligeuka kulitazama.

Ijumaa moja alichora joka ubaoni. Refu, lina sharubu kama kambale, miguu minne mifupi.

"Halina mabawa?" mvulana mmoja aliuliza. Huyu alikuwa mcheshi wa darasa, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa pamoja na baba yangu.

"Halina. Linapaa bila mabawa."

"Mwalimu, kwetu joka ni Shetani. Imeandikwa katika Ufunuo."

"Ufunuo ni nani?" aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

Alisubiri tumalize. Kisha akaeleza, polepole, akitafuta maneno, kwamba kwao joka ni neno la majira. Baridi inapokaribia, joka hushuka likalala chini ya maji, mahali penye kina. Baridi ikiisha, linaamka, linapanda mbinguni, mvua inanyesha. Kwa hiyo ukiandika kwamba joka limejificha majini, kila mtu anajua ni majira gani. Ukiandika kwamba joka limepanda, watu wanajua wakati wa mashamba umefika.

Hapo hakucheka mtu. Kutoka dirishani tuliona kipande cha ziwa, na mwaka ule lilikuwa limerudi nyuma likaacha ukingo mpana wa tope ambako viboko walilala mchana kutwa. Kwamba ziwa lile lina mwenyewe, anayelala chini ya maji, sote tulikuwa tumelisikia kwa bibi zetu, na sote tulikuwa tumefundishwa kutolisema. Nyumbani kwetu Nakwa neno hilo halikutajwa kabisa. Baba alikuwa Mlutheri wa kusali asubuhi na jioni, na mahali popote palipo na neno joka katika Biblia alipasoma haraka.

Tuliambiwa kila mmoja aandike shairi la joka kwa majira ya hapa kwetu, na kwamba litakalochaguliwa litapata zawadi.

Yule mcheshi aliandika hivi:

*Foleni ndefu,*
*joka lisilo kichwa;*
*mkia mimi.*

Tulipiga meza. Hata leo naliona ndilo lililokuwa bora. Langu lilikuwa hili:

*Joka la ziwa*
*limelala topeni;*
*mbingu zangoja.*

Mwalimu alisoma yote kwa sauti, akarudia langu, akasema limechaguliwa kwa kuwa lina majira ndani yake. Kisha akafungua mkoba akatoa zawadi. Ilikuwa sabuni ya kuogea, nyeupe, imefungwa katika karatasi ya maua, na alinikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya wote.

Sharti nieleze tulivyokuwa. Nguo tulifua kwa majivu na majani ya mpapai. Mwili tulisugua kwa jiwe na maji matupu, na mafuta ya kujipaka hayakuwepo. Watu wengi walinuka, lakini sisi tuliotembea kutoka Nakwa kwa miguu, tukafika tumeshatoka jasho, tulinuka zaidi, na mimi nilijua. Nilichagua kukaa dirishani kwa sababu hiyo. Nilinyanyua mkono kujibu swali kwa kubana kwapa. Sasa shairi lililochekesha darasa zima limeachwa, langu limechukuliwa, na zawadi yake ni sabuni.

Mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Joka limepewa sabuni likaoge."

Walicheka hadi mwalimu naye akatabasamu, akidhani wamefurahi kwa ajili yangu. Nilipokea. Nilisema asante mwalimu. Tangu siku ile jina langu shuleni likawa Joka, na wapo waliomaliza kidato cha nne bila kuniita jina lingine.

Sikuiogea sabuni ile. Niliificha chini ya nguo katika sanduku, lakini ilikuwa na harufu kali ya maua, na nyumba yetu ya vyumba viwili haikuwa na mahali pa kufichia harufu. Jumapili, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kanisani, mama alisimama katikati ya chumba akinusa. Alifungua sanduku.

"Nani amekupa?"

Sikujibu upesi, na kuchelewa kwangu kukawa jibu. Katika miaka ile msichana akionekana na sabuni ya harufu, au kitenge kipya, watu hawakuuliza mara mbili. Kuna dereva, au kuna mtu wa stoo. Mama alikaa kitandani kama aliyepigwa.

"Ni mwanamume gani?"

"Si mwanamume, mama. Ni mwalimu. Yule Mjapani."

"Kwa nini akupe wewe?"

Baba alikuwa mlangoni, ameshavaa koti. Ikabidi niseme mbele yake. Nilieleza kikundi, mistari mitatu, mizani, na mwisho nikasema shairi lilikuwa la joka. Mama alipumua kwa nguvu, akaanza hata kucheka kwa ahueni. Baba hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua ile sabuni, akaitia mfukoni, na ibada yote ya siku ile nilikaa nikiisikia harufu yake ikitoka upande wa wanaume.

Kesho yake tulikuwa kwenye kipindi cha hesabu baba aliposema hodi.

Alikuwa amevaa koti lile lile la kanisani, lenye viraka viwili vya kitambaa cha rangi nyingine mgongoni, na katambuga za tairi. Miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Darasa likasimama likamwamkia, naye akaitikia marahaba mara nyingi mno, akimgeukia huyu na yule. Mwalimu aliweka chaki chini akainama mbele yake, akainama sana, kwa heshima ya kwao. Baba hakuwahi kuona mtu akiamkia hivyo. Alirudi nyuma hatua, akatazama sakafuni kuona mwalimu ameangusha kitu gani, na alipokuwa anakitafuta darasa likaanza kutikisika kwa kicheko cha kubanwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliinamisha kichwa karibu na meza kana kwamba wasingejua ni baba yangu.

"Mwalimu," alisema, "mimi ndiye baba wa ule mtoto." Akanionyesha kwa kidevu. "Hii sabuni ni wewe umempa?"

"Ndiyo, baba. Ni zawadi. Shairi lake ni zuri sana."

"Shairi ya joka."

"Ndiyo. Joka."

"Kwangu tunasali. Joka hatusifu. Naomba upokee."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyoitoa. Uso ulikuwa mwekundu. Alisema samahani, akainama tena, na baba alikuwa ameshageuka kuondoka mwalimu alipoanza kueleza, kwa haraka, Kiswahili kikimpotea. Alisema hakukusudia ubaya. Alisema babu yake alikuwa mkulima wa mpunga, na mvua ikichelewa babu na wazee wa kijiji walikwenda kwenye maji, mahali pa joka, wakaomba.

Baba alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hakutoka.

"Alipeleka nini?"

"Samahani?"

"Babu yako. Kwa joka. Alipeleka nini?"

"Pombe," alisema mwalimu. "Pombe ya mchele. Na chumvi."

"Hakuchinja?"

"Hapana. Hakuchinja."

Baba aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na ilinyesha?"

"Mara nyingine."

"Ndiyo," alisema baba. "Mara nyingine."

Akatoka. Tulisikia katambuga zake zikiburuta uwanjani. Kipindi kikaendelea, na wenzangu wengi walikuwa bado wanacheka jinsi alivyotafuta sakafuni, lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Sauti aliyoulizia maswali yale sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani. Haikuwa sauti ya mtu anayegombeza upagani. Ilikuwa ya mtu anayemuuliza jirani mbegu yake ameipanda kwa kina gani.

Jioni nilimkuta amekaa ukingoni mwa njia, mahali inapopanda kuelekea Nakwa. Alikuwa amenisubiri. Tulitembea mpaka tukaacha nyumba za mjini.

"Babu yako ndiye aliyekuwa akipeleka kondoo ziwani," alisema. Alianza kwa lugha yetu ya nyumbani, kama alivyofanya kwa mambo mazito. "Kondoo mweusi. Mimi nilishika kamba. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, nikamshikia mara nyingi. Nilipobatizwa nikakataa. Nilimwambia mbele ya ndugu zake kwamba kamba ile sitaishika tena."

"Akasema nini?"

"Alimpeleka mwenyewe, bila mtu wa kumshikia kamba, kondoo akamponyoka. Mwaka ule mahindi yalikauka yote. Mpaka leo kaka zangu wa Sigino wanasema ni mimi."

Nilikuwa nimekua nikijua kwamba ndugu za baba hawaji kwetu kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Ndivyo mama alivyotuambia.

"Leo nimeaibika mbele ya watoto," alisema.

"Hawakuelewa, baba. Walidhani unamuuliza tu."

"Wewe umeelewa."

Muda wote alipokuwa amesimama pale darasani mimi nilikuwa naona viraka na vumbi la miguu. Nilikuwa nimemwonea haya kwa koti. Yeye alikuwa na aibu nyingine kabisa, ya kunifanya mimi nijue, na aliibeba hadi tukafika nyumbani, akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba ingawa hakukuwa na kitu cha kulima.

Maneno hayakukaa darasani. Yule mcheshi aliyasimulia kwao kama kichekesho, jinsi mzee alivyomuuliza Mjapani joka linakula nini. Baba yake hakucheka. Haikupita muda mrefu mchungaji akamwita baba yangu ofisini, na Jumapili iliyofuata kiti chake mbele pamoja na wazee kilikuwa kitupu. Alikaa benchi la mwisho. Walipoitwa kwenye Meza ya Bwana, watu walipita kando yake mmoja mmoja, naye alikuwa amefumba macho.

Nilikwenda nyumbani kwa mchungaji peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Nilimwambia kosa ni langu, shairi ni langu, baba alikuja shuleni kulikataa.

"Lisome," alisema.

Nililisema kwa moyo. Alihesabu mizani kwa vidole, maana naye aliwahi kuwa mwalimu.

"Ni zuri," alisema. "Wewe hukukosa. Wala si shairi lililomweka baba yako nyuma. Nilimuuliza kwa nini aliuliza yale maswali, nikampa nafasi aseme ni mazungumzo tu. Akakataa. Aliniambia, mchungaji, nilitaka kujua."

"Kutaka kujua ni dhambi?"

Aliendelea kupukuchua. "Yeye ndiye aliyeomba akae nyuma," alisema. "Mimi nilitaka tuyamalize ofisini."

Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito zaidi kuliko niliokwenda nao. Nilikuwa nimekwenda kumtetea baba dhidi ya mtu, na mtu huyo hakuwepo.

Kurudi kundini kwa baba kulifanyika karibu na Pasaka. Alisimama mbele ya usharika katika koti lile, mchungaji akauliza maswali yaliyoandikwa, naye akajibu. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, mahali ambapo ningeweza kumwona uso. Nilichagua kutazama mikono yake. Ilikuwa imeshikana nyuma, kidole kimoja kikisugua kingine, na nilijua kwamba anaona haya na kwamba ninayemfanya aone haya zaidi ni mimi niliyeko mbele yake. Tulipoanza kuimba nilifungua kinywa tu.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, ikaja vibaya. Ziwa lilipanda likaingia mashamba ya chini, maharage yakaoza. Shuleni walisema Joka amekasirika kwa kunyang'anywa sabuni. Nilicheka nao, kwa kuwa kutocheka kungekuwa na gharama kubwa zaidi.

Kikundi cha mashairi nilikiacha. Mwalimu hakuniuliza sababu. Lakini darasani nilimwona akinitazama, kisha akiangalia pembeni, na nadhani alikuwa amekwisha kuelezwa na mtu maana ya sabuni ile machoni pa wenzangu, kwa sababu siku moja alinisimamisha nje ya stoo ya vitabu.

"Kwetu," alisema, "sabuni ni zawadi ya heshima. Watu wanapeana, kwa mwaka mpya, kwa harusi. Mimi sikujua."

"Najua, mwalimu."

"Hukunuka," alisema.

Alikusudia kunifariji. Sikuwahi kusikia neno lililoniuma kama lile, maana hadi pale nilikuwa bado naweza kujiambia kwamba labda hakuna aliyefikiria hivyo. Nilimshukuru, nikaenda chooni nikalia.

Muda wake ulipoisha alikuja Nakwa kuaga. Alikuja mikono mitupu, nami nilimshukuru kwa hilo. Mama alipika ugali wa njano na mboga ya maboga. Baba alimwekea kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango nikiiona nyumba yetu kwa macho ya mgeni: masizi darini, sufuria isiyo na mkono, kuku aliyeingia bila kufukuzwa.

"Kwenu wanalima bado?" baba aliuliza.

"Baba yangu analima. Babu alikufa."

"Pole. Mpunga unapaliliwa mara ngapi?"

Alimweleza. Baba hakukubaliana naye. Alisema shamba lililojaa maji haliwezi kuota magugu kiasi hicho, na mwalimu, ambaye darasani hakuwahi kubishana na mtu, alisema yanaota, baba, yanaota sana, mgongo wa mama yangu umepinda kwa sababu ya magugu hayo. Akasimama akaonyesha jinsi mama yake anavyotembea. Mama yangu alicheka, akasimama naye akaonyesha mgongo wake. Wakabishana juu ya mbolea ya ng'ombe, juu ya panya, juu ya ndege wanaokula punje, mpaka chakula kikapoa. Pale Kiswahili cha kitabuni na Kiswahili cha baba vilipokosa kukutana walinigeukia mimi, nami nikawa mkalimani kati ya watu wawili wanaosema lugha moja.

Mwalimu aliomba aongezewe mboga. Mama alimwongezea iliyokuwa imebaki, ile ambayo ingekuwa yangu.

Kabla mgeni hajaondoka, baba aliomba. Aliomba kwa lugha yetu, kwa muda mrefu kama kawaida yake, na mwalimu aliinamisha kichwa bila kuelewa. Aliomba mgeni asikwame barabara ya Arusha. Aliombea ndege atakayopanda. Aliombea wazazi wake na shamba lao lipate maji kwa wakati wake. Hakutaja ni nani ayalete. Nilifumbua macho nikamtazama, naye alikuwa amefumbua yake, ananitazama. Sote wawili tuliyafumba haraka, na akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo, mpaka amina.